Majivu Yaliyomngoja Baba

Nina shahada ya chuo kikuu, na mwanangu akisafiri sizoi majivu jikoni. Nikiulizwa, nasema nimechoka. Uongo huo nimeurithi kwa mama.

Tulikaa mtaa wa Cheyo, karibu na reli, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Kila msimu wa asali baba alipanda treni hadi Usinge, akaingia msituni kurina. Akisema wiki tatu, zilikuwa wiki tatu. Mwaka niliokuwa darasa la tatu, wiki ya tano ilikwisha bila baba wala salamu zake.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na utaratibu wake. Babu alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani, na mke wa mpagazi hakutoa majivu nje mpaka mume arudi. Aliyezoa majivu alifuta nyayo za msafiri.

"Na babu alirudi?" nilimwuliza.

"Mara tatu."

"Na ya nne?"

"Ya nne, jirani mmoja mwenye kiherehere alikuja kunisaidia usafi."

Mama alikuwa Mmoraviani wa benchi la mbele. Alisema Mungu haangalii majivu. Kila asubuhi alipiga magoti kando ya mafiga, akamwomba Bwana amrudishe mumewe, akanyamaza kidogo kama anayesubiri kuitikiwa, kisha akainuka kupika uji. Lakini majivu hakuyazoa. Yalipanda mpaka chungu kikawa kinakaa upande.

"Mkwe wangu, siku hizi hufagii?" bibi aliuliza, naye akijua.

"Mgongo unaniuma, mama."

"Mgongo wa Kimoraviani huo," bibi alisema, akatoka kwenda kuchekea uani.

Mimi sikucheka. Jumapili mwalimu wetu wa dini alitufundisha kwamba anayemtumaini Mungu hagawi moyo. Nikaelewa haraka, kama wanavyoelewa watoto wanaosifiwa sana shuleni: Mungu alikuwa kimya kwa sababu ya majivu yetu. Kesho yake mama alipokwenda kisimani, niliyajaza kwenye ungo mbovu, nikayamwaga shimoni nyuma ya nyumba, nikafagia jiko lote. Nilijiona nabii.

Mama alirudi, akasimama mlangoni na ndoo kichwani. Alitua ndoo, akatazama mafiga. Nilingoja fimbo.

"Haya," alisema polepole. "Sasa hatuna kingine ila Mungu."

Alisema kama mtu aliyeibiwa. Hapo unabii wangu ukaniishia. Jioni treni ya kutoka Kigoma, ambayo baba angerudi nayo, ilipiga honi, na baba hakuja. Nikajua nimemfuta.

Tangu siku hiyo kila honi ilipolia nilikimbilia mlangoni. Nilikwenda shimoni kuyarudisha majivu. Mvua ilikuwa imeyafanya tope. Asubuhi nilipiga magoti pamoja na mama. Alipomaliza kuomba tulinyamaza wote wawili, muda mrefu kuliko zamani, nami nikatega sikio. Nilisikia kuku. Sikuthubutu kumwambia mama ninachoogopa, na sasa nadhani yeye pia hakuthubutu kuniambia. Aliomba tu, akapika uji, kesho yake akaomba tena.

Siku ya kumi na moja tangu nizoe majivu, baba aliingia uani akichechemea, amekonda, mguu umefungwa kitambaa. Shoka lilimteleza, akalala kwenye kibanda cha warina asali mpaka alipoweza kukanyaga.

"Shikamoo baba. Uliumia siku gani?"

"Marahaba. Hata maji hujanipa!"

"Kabla ya Jumatatu ile, au baada?"

"Jumatatu ipi? Msituni hakuna kalenda, mwanangu."

Nilimwuliza tena nikiwa mtu mzima. Hakukumbuka, na amekufa bila kukumbuka.

Msimu uliofuata alipanda treni tena. Tuliporudi kutoka kumsindikiza, mama alichukua ungo, akazoa majivu yote, akayatoa nje bibi akimtazama. Mlangoni aligeuka kuitazama njia aliyopita baba, mengine yakamwagika. Alirudi na ufagio, akayafagia na hayo, kisha akapiga magoti.