Kompyuta yamkana Bwana Sentimita

Saa kumi na mbili asubuhi, Bwana Sentimita anavua viatu na kuanza kuhesabu hatua. Zamani zilikuwa arobaini kutoka kibandani mwake hadi kwenye maji ya bwawa. Leo ni mia sita na kumi na moja, za mwisho akiwa na matope magotini.

Anainamia ubao wa kupimia kina. Sentimita sitini na mbili.

"Hata mamba kahama," anamwambia mwandishi wa gazeti aliyemfuata. "Kanipita hapa na virago kichwani, salamu hakuna."

Kwa miaka thelathini na moja amesoma ubao huu na kutuma namba ofisini. Huko programu ya kompyuta, iliyofundishwa kwa namba hizohizo, hugawa maji ya mashamba na ya mji.

Maji ya bwawa yaliposhuka hadi mita mbili, programu ilipunguza maji ya mashamba kwa nusu. Yalipozidi kushuka, ikaamua kuwa jambo hili halijapata kutokea, basi msomaji kakosea. Ikafuta namba zake, ikaweka wastani wa miaka yote, mita tatu na nusu, na kufungua tena malango ya maji ya mashamba.

Simu inaita. Ni dada wa takwimu kule ofisini.

"Shikamoo, mzee wangu. Sitini na mbili tena? Miwani umebadilisha?"

"Marahaba, binti. Njoo uone mwenyewe."

"Gari halina mafuta. Mkuu anasema tusubiri kikao."

Kikao ni baada ya siku kumi na tisa. Mzee amepiga hesabu nyuma ya kalenda: maji yanashuka sentimita nne kwa siku, na yakibaki thelathini, bomba la mji litavuta hewa. Siku nane.

Mjini kuna bintiye, kajifungua juzi.

"Namwambia jaza ndoo, ananijibu, 'Baba, redio imesema maji yapo.' Redio imeyatoa wapi? Kwangu! Kwa mimi wa zamani."

Hatanii tena. Kesho, kwa mara ya kwanza maishani, ataandika uongo: mita mbili kamili. Programu itaukubali na kubana malango. Maji yatashuka sentimita mbili tu kwa siku, na siku nane zitakuwa kumi na tano.

Bado nne kufikia kikao.

"Hizo nne sina hesabu yake," anamwambia mwandishi, akipangusa ubao kwa kiganja. "Andika wewe, binti yangu asome, ajaze ndoo. Mimi kuanzia kesho ni mwongo."