Mpaka Harufu Iishe

Jelatini ikianza kuyeyuka juu ya maji moto hutoa harufu ya supu ya mifupa iliyopoa. Wageni wanaoingia karakana yangu hapa Embu hukunja pua kwa adabu, wakidhani nimesahau chakula mekoni. Mimi harufu hiyo hunirudisha Meru, nyuma ya nyumba yetu pale Makutano, kwenye kibanda cha mabati ambamo Baba alichapa picha kwa njia za zamani, kwa rangi, brashi na mwanga wa jua.

Baba alikuwa na studio kando ya barabara, ya picha za pasipoti na za harusi. Hizo ndizo zilizotulisha. Za kibandani alizifanya kwa mapenzi tu, na kazi kubwa ilikuwa kuiandaa karatasi kabla haijaonja rangi. Karatasi tupu hunywa, alituambia. Ukiipaka bila kuikinga, rangi inazama na uso wa mtu unabaki ukungu. Kwa hiyo aliloweka jelatini kwenye maji baridi mpaka ivimbe, akaiweka sufuria yake ndani ya sufuria nyingine yenye maji moto, akaiyeyusha polepole bila kuiacha ichemke. Kisha alizamisha karatasi moja moja na kuzianika kwa vibanio vya nguo. Sufuria zake alizipaka vishikio rangi nyekundu ili zisije zikarudi jikoni. Shosho, mama yake, alilalamika kwamba mwanawe anapika gundi huku wanaume wenzake wanachuma majani chai. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Lakini jelatini tupu ikiingia majini tena hulainika na kutoka. Lazima ikazwe kwa dawa, na dawa ya Baba siku hizo ilikuwa fomalini, maji makali yanayochoma pua.

"Kendi, enda kwa shosho. Leo ni siku ya dawa," alikuwa akisema, ameshavaa glavu na miwani.

Nilichungulia kutoka mbali. Aliifanya kazi hiyo nje kabisa, upepo ukielekea shambani, trei ikiwa na kifuniko. Akimaliza, Mama alimvua shati mlangoni kabla hajakanyaga ndani. Karatasi zilibaki kwenye kamba, chini ya paa la nje.

"Zitakaa huko mpaka harufu iishe," Mama alinieleza. "Ikiisha, tunazirudisha ndani."

Na kweli zilirudi, kila mara. Mama ndiye aliyezinusa kwanza, akaridhika, kisha akanipa nizibebe. Nilizipenda sana karatasi zile, zilivyokuwa ngumu na safi mikononi.

Nilipokuwa darasa la tatu, kikohozi cha Mama hakikuwa tena cha kucheka. Alilazwa hospitalini, na asubuhi moja Baba akarudi nyumbani na kikapu chake, bila yeye.

Siku zilizofuata Baba alishinda kibandani na filamu ya picha aliyompiga Mama kule Timau, nyumbani kwa wazazi wa Mama, upepo wa mashamba ya ngano umeivuta leso yake upande mmoja. Alitumia karatasi ambayo Mama mwenyewe alikuwa ameinusa na kuipitisha. Aliichapa uani, juani. Kwetu mtoto hubeba picha ya marehemu mbele ya jeneza, na mtoto alikuwa mimi.

Tukaenda mochari kumchukua. Mlango ulipofunguliwa, shangazi zangu walifunika pua kwa leso. Mimi nilivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu afe moyo wangu ukatulia. Ilikuwa harufu ya siku ya dawa, fomalini ile ile. Nilijua kabisa kinachofanyika pale: Mama alikuwa anakazwa ili asiharibike. Nikamvuta Baba koti.

"Baba, harufu ikiisha tutamrudisha ndani?"

Aliniinamia. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni ile dawa inayawasha.

"Shika picha vizuri, mami," alisema. "Usiiangushe."

Sikulia kaburini. Shangazi mmoja alinong'ona kwamba mtoto huyu ana roho ngumu. Mwingine akasema bado ni mdogo, haelewi. Mimi nilikuwa nasubiri tu.

Tulimzika shambani, karibu na migomba. Jioni baada ya jioni niliketi barazani nikielekea huko, nanusa upepo. Ulikuja na moshi wa kuni, udongo uliolowa, dizeli ya malori kutoka barabarani. Fomalini haikuwepo hata kidogo, na nilishangaa mbona Mama anachelewa. Baba alikuja akaketi kando yangu mpaka giza likaingia. Nilifurahi kupata mtu wa kusubiri naye.

Chupa ya fomalini haikurudi tena kibandani. Baba alianza kutia kwenye jelatini alamu ya kromu, chembe za zambarau zinazokaza vilevile, bado kwa glavu. Akiulizwa, alisema fomalini inaharibu mapafu. Ni kweli, nami huwaambia wanafunzi wangu hivyo hivyo. Lakini nikiwa chuoni, mtu alipofungua chupa ya namna ile maabarani, nilijikuta nimeketi sakafuni nalia kilio nilichopaswa kulia kaburini. Kichwani nilikuwa nimeshajua kwa miaka mingi kwamba hatarudi. Siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini Baba hakuitaka tena ile chupa, hata kama isingedhuru mapafu.

Picha ya Mama iko ukutani kwangu. Haijafifia, na leso bado imevutwa upande. Baba sasa ni mzee, na alipokuja kunitembelea juzi alisimama mbele ya picha hiyo. Nikamuuliza nilichokuwa sijawahi kumuuliza: kwa nini jioni zile barazani hakuniambia ukweli.

"Ningekwambia nini, mami," alisema. "Hata mimi nilikuwa nanusa."