Usiku Tuliomnyima Shangazi Zuhura

Nakumbuka, mwanangu, mwaka niliotimiza miaka kumi na mitano, baba alinitoa kijijini kwetu Maparoni akanipeleka Kibiti tukacheze gofu siku nne. Usicheke. Baba aliwabebea Wazungu fimbo zao za gofu miaka mingi kule Dar es Salaam, na mchezo akaujua kwa kutazama. Bwana Shauri mmoja, mkubwa wa serikali aliyefahamiana naye tangu huko, alikuwa amefyekesha kiwanja kidogo cha mashimo sita pale Kibiti, akamruhusu baba aje acheze na mwanawe tukishavuna mpunga.

Tulipofika, ikabaki kuamua tulale wapi. Dada yake baba, shangazi Zuhura, alikaa njia ya Ruaruke, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Ndiye aliyemlea baba mama yao alipofariki, na baba alishamtumia salamu kwamba tunakuja. Lakini jirani na kiwanja palikuwa na nyumba ya wageni, ya bati, yenye vitanda vya chuma. Mimi kitanda cha chuma nilikuwa sijawahi kukilalia. Nikamwambia baba miguu inaniuma, kwa shangazi ni mbali, tena mle ndani mna moshi na kuku.

Baba aliitazama njia ya Ruaruke. "Haya, tulale hapa," akasema. "Kwa dada tutapita siku ya kuondoka."

Kesho yake asubuhi, baba akinionyesha namna ya kushika fimbo, nikamwona mwanamke mzee anakuja pembeni mwa kiwanja, kapu kichwani, anatembea na kupumzika. Alikuwa shangazi. Muuza ufuta mmoja alimwambia tulipo. Ndani ya kapu mlikuwa na wali wa nazi na samaki.

"Shikamoo, dada," baba akasema.

"Marahaba. Mmelala salama?"

"Salama."

"Alhamdulillahi. Mimi nilikandika chumba, nikaazima kitanda kwa jirani. Nimekaa mlangoni jana mpaka adhana ya magharibi."

Hakupandisha sauti. Baba akainamisha kichwa. "Kosa langu, dada. Nilichoka."

Nilijua ananisitiri. "Si baba, shangazi. Ni mimi niliyekataa. Nilisema kwako kuna moshi."

Akaanza kufunua kapu. "Moshi upo," akasema. "Baba yako nimemkuza humo humo. Njooni mle, chakula kinapoa."

Jioni ile tulihamia kwake. Siku zilizobaki tuliondoka alfajiri kuwahi kiwanjani, na katika mwendo ule ndipo baba aliponisimulia habari za mama yake, mambo ambayo nyumbani hakupata kuyatamka. Kwenye gofu alinishinda kila siku, wala sikujali.

Shangazi alifariki kabla ya mpunga wa mwaka uliofuata kuiva. Nililala kwake usiku mara mbili tu. Ule mmoja niliomnyima bado unaniuma, na mimi sasa ni mzee.

Kwa hiyo, mwanangu, ukisafiri na mzazi wako, usiangalie kitanda peke yake. Muulize kwanza nani anamngojea mji ule. Na akikubali jambo kwa kukuhurumia, mtazame usoni kabla hujafurahi. Mungu akujaalie safari njema, akufikishe kwa watu wako wangali hai, nao wakupokee kwa moyo mweupe. Amina.