Mguu wa Mjomba

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa nyama, na kuishi na mkaguzi wa nyama ni mtihani. Ukimpikia mchuzi, anaugeuza kwanza kwa kijiko kabla hajaonja. Mkialikwa ugenini na mwenyeji akaleta sinia la nyama, wewe mkewe unatazama pembeni, maana unajua anachotafuta kwenye lile sinia. Miaka yote tuliyokaa hapa Kibaha, yeye alikuwa akitoka alfajiri kwenda machinjioni na mimi nikitoka baadaye kwenda kufundisha Mbwawa, na jioni tulikuwa tukila tulichopata. Mara nyingi yalikuwa maharage.

Wenye mabucha wa mtaa wa Kwa Mathias walimwita mzee wa mafuta ya taa. Nyama ikikutwa na ugonjwa, kuikataa tu hakutoshi. Hata ukiifukia shimoni, usipoimwagia mafuta ya taa kuna mtu ataifukua na kuiuza. Kwa hiyo alikuwa na dumu lake, na akilishika tu manung'uniko yanaanza. Wapo waliomjaribu kwa maneno matamu, na wapo waliomkumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi. Yeye hakuwa mtu wa hotuba. Alikuwa anasema, "Hii haiendi," halafu anamwaga. Mimi niliona fahari sana, ila ni rahisi kumwonea mumeo fahari wakati ng'ombe ni wa watu.

Kisha binti yetu akapata mchumba.

Katika ukoo wetu, msichana akiagwa kwenda kuolewa, mjomba wake ndiye anayetoa ng'ombe. Siku ya sherehe mguu mmoja wa nyuma haupikwi. Mjomba anaubeba begani, anaingia nao ukumbini mbele ya wageni, na kuwakabidhi wakwe. Hapo ndipo wakwe wanapojua kwamba binti ana watu nyuma yake. Sherehe inaweza kukosa keki, ikakosa hata muziki, watu wakasamehe. Ikikosa mguu wa mjomba, wanawake wa kwetu watalizungumza jambo hilo mpaka binti apate wajukuu.

Kaka yangu mkubwa alihamia Kisarawe zamani akafuga ng'ombe. Dume la sherehe alikuwa amelitenga tangu binti yangu akiwa chuoni, akawa analilisha pumba na kulisifu kwa kila aliyemtembelea. Alilileta kwa lori siku moja kabla ya sherehe, akashuka akiwa amevaa kofia mpya. Alitaka tuchinjie nyuma ya nyumba kama watu wengi wanavyofanya. Mume wangu akasema litachinjiwa machinjioni kama ng'ombe wengine. Kaka alicheka, akamwambia ofisi imemwingia hadi kwenye mifupa.

Alfajiri tulikwenda sote watatu. Mimi nilitaka nyama iwafikie wapishi mapema, kwa sababu wapishi wa sherehe nawajua. Mchinjaji, Mwislamu kama ilivyo desturi yetu ili kila mgeni ale kwa amani, alimaliza kazi yake haraka. Wenye mabucha walikuwepo wakisubiri ng'ombe wao. Mmoja wao, bwana mnene ambaye wiki ileile nyama yake ilikuwa imemwagiwa mafuta ya taa, alisogea karibu akakunja mikono. Alikuwa amekuja kuona kama mkuki ni mtamu kwa nguruwe tu.

Mume wangu alianza kichwani, akashuka. Alipofika kwenye mapafu, kisu kilikwaruza kama kimepita kwenye mchanga. Akakata tena mahali pengine, kikakwaruza vilevile. Nilisogea nikaona vinundu vya manjano vimejaa, na vingine kwenye ini, na vingine ndani ya mbavu. Mimi si mtaalamu, lakini uso wa mume wangu naujua. Kilikuwa kifua kikuu, na kilikuwa kimeenea mwili mzima.

Kaka alimvuta kando. Alimwomba, kwanza kwa utani kisha bila utani. Akasema nyama itachemshwa sana, akasema babu zetu walikula mabaya zaidi wakazeeka, akasema basi atupe yote amwachie ule mguu mmoja tu wa kubeba, wakwe wakiufikisha kwao wautupe wenyewe. Na mimi nikaingilia. Nilimwambia mume wangu kwamba aibu hii haitakuwa yake peke yake, itakuwa ya mtoto wetu, na mguu ule ulionekana mzuri kabisa kwa macho. Nilisema kwa hasira, na sauti yangu ya darasani inafika mbali.

Alitusikiliza mpaka tukamaliza. Alikuwa na machozi machoni, nayasema kwa sababu baadaye kaka alidai hakuyaona.

"Watakaokula ni wageni wangu," alisema. "Niwape wageni wangu kitu ambacho nimewakataza wateja wa watu?"

Kisha akasema neno lake lile, kwa sauti ya chini, akashika dumu. Alianza kumwagia ule mguu. Kaka alisimama akitazama mpaka ukalowa, akavua kofia yake mpya, akapanda kwenye lori tupu na kurudi Kisarawe. Hakuaga.

Asubuhi ile kamati ya sherehe ilihaha. Kundi la WhatsApp liliwaka moto, kuku wakatafutwa, pilau ikabadilishwa. Chakula kilipatikana. Mjomba ndiye hakupatikana, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Mchana yule bwana mnene wa bucha akaja nyumbani. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, na begani amebeba mguu wa nyuma wa ng'ombe umefunikwa kwa kitambaa safi, wenye muhuri wa bluu aliougonga mume wangu mwenyewe asubuhi hiyohiyo. Alinisalimia vizuri, akasema hauuzi mguu ule. Akasema, "Mwalimu, leo mimi ndiye mjomba."

Nilitaka kumkumbatia. Mume wangu akatoka ndani, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa muda mrefu. Halafu akamwambia arudi nao.

"Jumatatu nitasimama tena mbele ya ng'ombe wako," alimwambia. "Nikiupokea huu, nitasimamaje?"

Yule bwana alimtazama sana, akainamisha kichwa, akaondoka na mguu wake begani. Mimi nilifunga mlango wa jikoni kwa kishindo na sikumsemesha mume wangu mpaka wageni walipofika. Jioni binti yangu aliingia ukumbini bila mjomba. Mshereheshaji akajaza pengo kwa vichekesho, wakwe wakatabasamu kwa adabu, na shangazi mmoja upande wao akauliza kwa sauti ya kusikika kama huyu binti kwao amebakiza baba tu. Binti alimshika baba yake mkono akanyanyua kidevu. Nilimwona, na hasira yangu ikapungua nusu.

Wiki iliyofuata mume wangu alikwenda Kisarawe na daktari wa mifugo. Kaka alimwacha asimame juani kitambo kabla ya kumkaribisha. Ng'ombe walipimwa, wengine wakakutwa na ugonjwa uleule, na mke wa kaka akaanza kuchemsha maziwa ya wajukuu ambayo alikuwa akiwapa mabichi. Baada ya hapo walisalimiana. Kaka alianza tena kuja kwetu, lakini nyama ya nyumba yangu hakuigusa. Alisema meno yanamsumbua. Meno yenyewe alikuwa akitafunia miwa.

Miaka ikapita hivyo. Mwaka huu mume wangu amestaafu. Ofisini walimuaga kwa keki na cheti chenye fremu, na akasimama mkubwa mmoja kusifu uadilifu wake kwa hotuba ndefu, mtu ambaye nina hakika hajui machinjio yako upande gani. Nilipiga makofi hata hivyo. Mume wangu alikitundika cheti sebuleni, kikakaa upande, na mpaka leo hajakinyoosha.

Kesho yake asubuhi mbwa wa jirani walibweka. Nilipofungua geti, alikuwa yule bwana wa bucha, sasa mvi kichwa kizima, amevaa kanzu, na begani mguu wa nyuma wa ng'ombe.

"Shikamoo mzee," alimwambia mume wangu. "Hunikagui tena. Upokee sasa."

Mume wangu aliupokea kwa mikono miwili, na mimi nikaingia jikoni kulia ninavyotaka. Kisha nikampigia kaka simu, nikamwambia mguu wa mjomba umefika na mjomba hayupo. Akauliza umetoka kwa nani. Nilipomweleza, akasema anakuja.

Alifika mchana. Alimsalimia yule bwana wa bucha, ambaye tulimbakiza ale nasi, wakatazamana kama watu waliowahi kugombania kitu kimoja. Nilikuwa nimeshashika kisu nianze kukatakata, kaka akanizuia.

"Nani ameikagua?"

Bwana wa bucha akamwonyesha muhuri. Kaka akatikisa kichwa, akamgeukia mume wangu.

"Wa muhuri huo simjui. Shemeji, ikague wewe."

Mume wangu akasema amestaafu, si kazi yake tena.

"Mimi sili mpaka uikate wewe," kaka alisema. "Ile siku nilikuona ukilia."

Mume wangu alinawa mikono bombani. Akaomba kisu changu cha jikoni, akauweka mguu mezani, akakata taratibu mahali alipozoea kukata, huku bwana wa bucha amesimama na mikono imekunjwa kama siku ile. Alipapasa, akanusa, akageuza.

"Hii inaenda," alisema.

Kaka akavuta kiti, akaniambia nibandike sufuria.