Boga Lililonirudisha Mnadani

Kabla hujanionea huruma, kwanza ujue nilikuwa nani. Mimi ni mfanyabiashara wa ng'ombe, mwenyeji wa Endagikot hapa Mbulu. Shule niliishia darasa la nne. Kalamu ilinishinda, lakini fimbo ya kuswagia haikunishinda. Nilianza kwa kuswaga mifugo ya watu, leo nina zizi langu, nyumba ya bati na gari la kubebea ndama, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono. Nenda mnada wa Katesh, nenda Basotu, nenda Masakta, taja jina langu. Ng'ombe akinipita mara moja tu nakuambia uzito wake, na mzani ukija unakubaliana na mimi. Sijisifu. Waulize.

Kukaa sijui. Mke wangu, Mama Regina, husema mimi nilizaliwa njiani. Chai nakunywa nimesimama, simu naongea natembea, kanisani natafuta kiti cha mwisho ili nitoke haraka. Na chakula changu kilikuwa kimoja: nyama. Asubuhi supu ya mifupa, mchana nyama choma, jioni Mama Regina akipika majani namuuliza, "Leo humu ndani tuna ndama?" Juu yake bia.

Halafu biashara yetu nayo ina desturi yake. Mnadani kwetu, bei ikishakubalika, muuzaji na mnunuzi wanakula nyama sahani moja. Muuzaji ndiye anayeanza. Asipokula, watu wanasema ng'ombe wake ana kitu anachokificha. Kwa hiyo mimi, kwa jinsi nilivyokuwa nauza, nilikuwa nakula.

Ugonjwa ulinikuta kazini, mchana kweupe, mnada wa Katesh. Nimesimama nagombania bei ya mafahali, nikasikia kidole gumba cha mguu wa kulia kinawaka moto. Nikadhani ni msumari umetoboa katambuga yangu ya tairi. Nikaivua, nikaigeuza, hakuna msumari. Kabla watu hawajatawanyika kidole kilikuwa kimevimba, chekundu, kinang'aa kama nyanya iliyopitiliza kuiva. Nilirudi Mbulu nimelala nyuma ya gari langu mwenyewe, mahali pa ndama.

Ndugu msomaji, nimepigwa pembe na fahali, nimevunjika mbavu, sikulia. Kidole hiki kiliniliza. Shuka likikigusa, napiga kelele. Mtu akikanyaga sakafu kwa nguvu, nausikia mtikisiko wote kwenye kidole. Kesho yake kifundo nacho kikavimba, kisha goti. Homa ikapanda, mdomo ukakauka, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Chooni nilikuwa naenda kwa makalio, najiburuza uani, kuku wananiangalia. Mimi, ambaye nilikuwa naswaga kundi kutoka Basotu!

Mama Regina akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, anaweza kuwa mwanangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nikate hiki kidole nirudi kazini."

Akacheka. "Hatukati, baba. Nyama unakula mara ngapi?"

"Binti, niulize siku ambazo sili."

Walinitoa damu, wakapima. Akaniambia nina gauti. Akanielezea taratibu kwamba nyama na pombe vinaacha uchafu kwenye damu, figo ndizo zinazoutoa, na ukizidi figo zinalemewa, basi unaganda kwenye viungio kama chenga za chupa. Ndiyo maana unachoma. Akanipa vidonge. Akasema nikomeshe bia na nyama nyekundu.

Nikatii. Nyama niliacha, Mungu ni shahidi. Ila ndugu walisikia naumwa.

Dada yangu mkubwa akafika kutoka Masakta na beberu amefungwa kamba. Kwenye ukoo wetu mgonjwa akizidiwa anachinjiwa mbuzi, supu inachemshwa na mizizi mpaka inakuwa nyeusi, na mgonjwa hakatai. Kukataa ni kama kumwambia ndugu yako ana nia mbaya na wewe.

"Dada, nimekatazwa nyama."

"Nani amekupa nyama? Hii ni supu."

Nikafikiri. Kweli, supu haitafunwi. Nikanywa kikombe, nikanywa na cha pili. Asubuhi na jioni, dada amesimama mlangoni kuhakikisha nimemaliza. Nilijisikia mwanamume tena. Nikaanza hata kupanga safari ya mnada.

Wiki haikuisha vizuri. Nikaamka miguu yote miwili imevimba, na vidole vya mkono wa kushoto haviwezi kushika kijiko. Mgongo kwa chini unauma. Nililia mpaka Mama Regina naye akalia.

Yule daktari aliniona naingizwa kwa kiti cha magurudumu, akashika kiuno.

"Baba, si tulikubaliana?"

"Nyama sijagusa!"

"Unakunywa nini?"

"Supu tu."

Akaweka kalamu mezani. "Baba yangu, ukichemsha nyama, yale yanayokuumiza yanakimbilia kwenye maji. Wewe umekunywa nyama, umeacha kutafuna tu. Na figo zako zimeanza kuchoka. Ukiendelea hivi, kutembea kutabaki hadithi kwako."

Kutembea kutabaki hadithi kwangu. Neno hilo halikunitoka kichwani. Mwingine akiambiwa hivyo atakaa kwenye kiti, watoto watamletea chakula, maisha yataendelea. Mimi bila miguu ni nani? Ng'ombe hanunuliwi kitandani.

Daktari alisema kuku na samaki nipunguze tu, na maziwa hayana shida. Lakini mimi najijua, kidogo sikiwezi. Maziwa yakiingia, samli inafuata, samli ikiingia, nyama imeshabisha hodi. Nikasema naacha vyote vinavyotoka kwa mnyama. Mama Regina akaniangalia.

"Baba Regina, utakula nini sasa? Kwato?"

Nyumbani nikamwambia dada supu basi. Alikusanya vitu vyake, akachukua na paja la mbuzi lililobaki, akaniambia akiwa mlangoni, "Mama angekuwa hai ungemfanyia hivi?" Akaenda zake. Iliniuma kuliko kidole.

Mama Regina ana duka la vitenge mjini, anaondoka asubuhi. Aliniachia ugali na mchicha, ukifika mchana vimepoa kama jiwe. Nalala, nageuka, nahesabu mabati, nawapigia watu simu mpaka wanaacha kupokea. Vidonge vilipotuliza uvimbe kidogo, nikachukua fimbo, nikatoka nikichechemea mpaka ghalani. Mle kulikuwa na maboga ya shambani kwetu, yale yanayotambaa katikati ya mahindi. Huwa tunawapa nguruwe. Nikachukua moja, nikaingia jikoni. Umri wangu wote sijawahi kuwasha moto wa kupikia. Mwanamume wa kwetu akionekana kwenye mafiga, watu wanauliza kama mke amekimbia.

La kwanza niliharibu. Nilijaza maji kama napika viazi, likayeyuka. Halafu nilikuwa nafunua sufuria kila mara, nakoroga, nachomachoma. Mama Regina aliporudi akaonja, akatema.

"Umepika boga au umelipiga?"

Akanifundisha, na mimi nikiamua kujua kitu najua. Leo nakwambia na ushike. Boga usilimenye. Lioshe, likate vipande vikubwa, ondoa mbegu lakini usitupe. Panga kwenye sufuria ganda likiwa chini, weka maji kidogo yasifunike vipande, chumvi, funika. Moto wa wastani. Usifunue! Kwangu mimi hapo ndipo palikuwa na kazi, kusimama pale na kuzuia mkono. Nilikuwa natoka nazunguka nyumba na fimbo yangu, nikirudi limeiva, kavu, tamu, linanukia.

Ukitaka mboga ya ugali, kaanga kitunguu kwa mafuta ya alizeti, weka tangawizi na nyanya mpaka ziive, tia vipande vya boga vilivyomenywa, maji kidogo, halafu karanga za kusaga ulizokoroga na maji ya vuguvugu. Acha uchemke taratibu mpaka mchuzi uwe mzito. Majani ya boga chuma machanga, vuta zile nyuzi za kwenye vikonyo mpaka ziishe, katakata, pika na karanga hizo hizo. Mbegu zioshe, zianike, zikaange bila mafuta na chumvi, uwe unatafuna njiani. Na kande! Mahindi na maharage yakishaiva, tumbukiza boga, liache lipondeke lenyewe mle ndani. Kande linakuwa laini kama limetiwa samli, na samli haimo. Hilo nililigundua mimi, hakunifundisha mtu. Mama Regina anasema bibi yake alikuwa anapika hivyo. Sawa, lakini hapa nyumbani nililianzisha mimi.

Vidonge sikuacha hata siku moja, nisikudanganye. Maji nilikunywa mpaka nikachoka. Taratibu uvimbe ukashuka. Ngozi ya kidole ikababuka kama ganda la kitunguu, chini ikatoka mpya. Tumbo likapungua, nikaongeza tundu kwenye mkanda. Siku nilipovaa katambuga bila kusaga meno, nilizunguka shamba zima, nikarudi, nikazunguka tena. Mama Regina akapiga kelele kutoka dirishani, "Kaa chini, mwanamume wewe!" Sikukaa.

Nikarudi Katesh na mafahali wazuri. Mnunuzi akawa Mzee Athumani, mfanyabiashara wa siku nyingi pale mjini, tumeuziana tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Tukakubaliana bei. Nyama ikaja inachuruzika mafuta. Akanisogezea sahani nianze. Mate yakanijaa mdomoni, siwezi kusema uongo.

"Mzee, mimi siku hizi sili."

Akaacha kutabasamu. Akawatazama mafahali, akanitazama mimi.

"Hawa ng'ombe wana nini?"

"Hawana kitu, mzee. Mimi ndiye nilikuwa naumwa kidole, siku hizi nakula boga."

"Mtu mzima anaacha nyama kwa sababu ya kidole?" Akasimama. "Leo tuache kwanza. Tutaonana."

Watu walikuwa wamesikia. Siku ile hakuna mwingine aliyefika bei. Jamaa mmoja aliyekuwa anachoma nyama akaniita "Bwana Boga," na jina likazunguka mnada mzima. Nikarudisha mafahali nyumbani. Njia nzima nilikuwa najiuliza. Kipande kimoja tu, kidogo, ningekimeza bila kutafuna, si biashara ingepita? Kisha kingine mnada unaofuata. Kisha bakuli la supu, kwa sababu si nyama. Halafu kiti cha magurudumu. Nilikuwa nazunguka uani mpaka Mama Regina akaniuliza kama natafuta kitu.

Nilimwambia yote. Akafikiri, akasema, "Mzee anataka nyama, au anataka kula na wewe?"

Mnada uliofuata nilikwenda na sufuria. Nilipika mwenyewe alfajiri, boga na karanga, limekolea pilipili, nikafunga kwa kitambaa. Wakacheka. "Bwana Boga amekuja na mkewe wa sufuria!" Nikawaacha wacheke. Nikawatoa mafahali wale wale, nikawazungusha uwanja mzima mwenyewe, kwa mguu, nikikimbia nao, nikageuka, nikarudi. Mzee Athumani alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Shikamoo mzee. Umewaona ng'ombe?"

"Marahaba. Nimekuona wewe. Juzi ulitolewa hapa kama mzigo, leo unakimbia."

"Basi kaa tule."

Nikafungua sufuria, nikaiweka katikati yetu. Nikaanza mimi, kama desturi inavyotaka. Nikachota, nikatafuna, nikameza, nikamwangalia. Mzee akanawa mikono polepole, akachota kidogo kama anayeonja dawa. Akatafuna. Akachota tena. Pilipili ikamkamata, akapenga kamasi.

"Hii amepika nani?"

"Mimi."

"Muongo."

"Wallahi, mzee."

"Wewe Mkristo, wallahi ya nini?" Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Yeye akaendelea kula. Akanyoosha mkono wenye mafuta ya alizeti, tukapeana, mafahali wakawa wake. Alipoondoka aliniuliza kwa sauti ya chini majani ya boga yanapikwaje, maana na yeye goti linamsumbua. Nikamwambia aende hospitali kwanza akapime, majani baadaye.

Namshukuru Mungu aliyeniacha na miguu. Namshukuru yule daktari binti, aliyenifokea kwa adabu. Namshukuru Mama Regina, ambaye sasa analalamika kwamba nimemnyang'anya jiko. Dada yangu nilimfuata mwenyewe Masakta, nikampikia kande nyumbani kwake. Alikula bila kuniangalia, kisha akaniambia chumvi imepungua. Tukaelewana.

Wewe unayeumwa vidole na kuona aibu, acha aibu, kapime damu. Ukipewa vidonge meza, usiache kwa sababu umepata nafuu. Ndugu wakikuletea supu, washike mikono, waambie asante, waambie hapana. Na usingoje mkeo arudi, jikoni hakuumi. Kidole changu bado kinanipima baridi ikikaza, kinawasha kidogo kama kinaniuliza kama nimesahau. Sijasahau. Mnada ujao uko Basotu, gari nimempa mtu mwingine apakie ndama. Mimi nitakwenda na ng'ombe wakubwa, kwa mguu.