Injini Iliyopiga Chafya ya Waridi

Gari la mashindano lilipiga chafya, likamtemea tajiri maua ya waridi usoni.

Sitanii. Mimi ndiye niliyeliwasha.

Mjomba ana gereji nyuma ya nyumba yetu, nami namsaidia tangu nilipoacha chuo katikati. Ananiita Injinia Nusu.

Sasa, huyo tajiri mwenye magari ya mashindano akatuletea moja. Anataka injini ivute hewa vizuri zaidi. Akiridhika, magari yake yote yanahamia kwetu. Asiporidhika, Mjomba anarudi kuziba pancha.

Nikachora bomba nne za kuingizia hewa, moja kwa kila silinda. Fupi, maana injini ya mbio inazunguka kwa kasi. Mdomo upanuke kama wa tarumbeta, hewa iteleze ndani bila kujigonga.

Kuchora rahisi. Tulipoukunja ule mdomo kwa nyundo, tukapata sikio la tembo.

Jioni naingia sebuleni, macho yakatua kwenye vasi za maua za Mama.

Nne. Za alumini. Midomo vilevile nilivyochora.

Nikazibeba. Mjomba akakata vitako bila kuuliza zimetoka wapi. Anamjua dada yake.

Mama alipoziulizia nikamwambia ziko kwa fundi, zinang'arishwa.

"Sawa, baba," akasema.

Ile sawa ya haraka ilipaswa kunishtua, basi tu sikushtuka.

Siku ya majaribio boneti iko wazi, tajiri kainama kusifia bomba zinavyong'aa. Mjomba akanipa ishara. Nikawasha, nikakanyaga mafuta.

Injini ikakohoa, puu, petali zikaruka juu. Nyingine zikanasa kwenye masharubu ya tajiri. Mjomba akashika kichwa.

Halafu ikashika. Ikanguruma safi, ikavuta mpaka tai ya tajiri ikaanza kuingia bombani. Akaiwahi, akacheka hadi akaegemea ukuta.

"Hii inavuta kweli," akasema. "Nifungie hizi kwenye mengine mawili."

Nikageuka. Mama yuko kwenye dirisha la jikoni, kashika vijiti vya waridi visivyo na maua.

"Vasi si za kuwekea maua?" akauliza.

"Kumbe ulijua, Mama?"

"Huo utundu ulidhani umeuokota barabarani?"

Funzo ni hili: ukimwibia mtundu aliyekuzaa, chungulia ndani kabla hujawasha.

Sasa zinatakiwa bomba nane, na mama mdogo ana vasi kabati zima. Kesho naenda kumsalimia.

Mama kasema twende wote. Yeye ndiye atakayebeba kikapu.