Mlo wa Pili wa Kokila

Ukoo wetu mzima unajua kwamba Ranjan ana mdomo. Sawa, ninao, na Mungu hakunipa niuhifadhi kabatini. Nimesikia kwamba mwezi wa nne, mfungo wa wifi yangu Kokila utakapokwisha, mwanawe Hitendra atakodi ukumbi, aite wageni mia tano, atundike picha ya mama yake mlangoni, imezungukwa na maua, na chini yake aandike kwa herufi nene kwamba familia ndiyo iliyomtunza mama katika safari yake. Nyoo! Familia ipi? Mimi nilikuwepo siku ile tuliporudi kutoka kwenye bustani ya michezo, na niliyoyaona kwa macho yangu hayafunikiki kwa shada la maua.

Huyu Kokila aliolewa na kaka yangu mimi bado msichana wa shule, nywele nimesuka mikia miwili. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema "nataka". Embe likikatwa, wengine wanakula nyama, yeye ananyonya kokwa. Viti vikipungua, yeye ndiye anayekumbuka kwamba sakafuni kuna baridi nzuri. Kaka yangu alipofariki tulidhani atakunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo. Badala yake akaenda kwa watawa wa kike pale kwenye hekalu letu la Wajaini, mtaa wa Ghatkopar hapa Mumbai, akarudi akatuita sebuleni, akasema anataka kufunga mfungo wa mwaka. Alisema "nataka". Niliangusha kijiko.

Mfungo wenyewe si mchezo. Leo huli kitu, ni maji ya kuchemsha tu, tena mchana peke yake. Kesho unakula. Keshokutwa huli. Hivyo hivyo mwaka mzima na zaidi. Na hiyo siku ya kula una milo miwili basi, na kila mlo ni kitako kimoja: ukikaa umekaa, ukinyanyuka umemaliza, hata kama umemeza tonge moja. Jua likizama, mdomo umefungwa. Daktari wake alimpima, akatikisa kichwa, akamwambia Hitendra mbele yangu kwamba mwili wa mama ni mwembamba, siku za kufunga ataziweza, ila siku ya kula ale. Akiruka siku ya kula, yeye daktari hayumo. Hitendra akaitikia ndiyo, ndiyo, huku akitazama simu.

Miezi tisa ilipita salama kwa sababu nyumbani Kokila anajipikia mwenyewe na hamsumbui mtu. Ndipo likizo ya Desemba ikaja, na Hitendra akaamua kwamba familia nzima iende kulala siku tatu kwenye ile bustani ya Rangnagar chini ya milima, yenye hoteli, treni za kupinduka hewani na mabwawa ya mawimbi. Kokila alisema yeye abaki. Mkewe Hitendra, Falguni, akamwambia: lo, Mama, bila wewe watoto watafurahi na nani? Tafsiri yake mimi niliijua: bila wewe, viatu vyetu atavilinda nani? Nikajialika. Nilimwambia mume wangu ajipashie chakula, nikafunga begi, nikaenda kumlinda mlinzi.

Sasa siku ya mwisho. Ilikuwa siku ya kula. Alfajiri nilishuka jikoni hotelini, nikambembeleza mpishi, nikachemsha choroko kwenye sufuria niliyokuja nayo, maana chakula chao sikiamini. Wameandika "chakula cha Wajaini" kwenye ubao mkubwa, halafu upawa uleule unatoka kwenye viazi, ambavyo Kokila kwa dini hagusi, unaingia kwenye dengu. Nilimpelekea Kokila chumbani choroko, chapati kavu na samli kidogo. Alikaa kitandani, akakunja miguu, akafumba macho, akasema sala yake, akala tonge la kwanza. Akala la pili. Falguni akaingia mbio, kitambaa cha nywele mdomoni.

"Mama, nyanyuka kidogo tu, chaja yangu ya simu iko chini yako."

Na Kokila akanyanyuka. Mimi nilikuwa msalani, mlango wazi, mdomo umejaa povu la mswaki. Nilipotoka nikakuta sahani imefunikwa na yeye anakunja shuka za wenyewe, shuka za hoteli, kana kwamba analipwa. Nikauliza kulikoni. Falguni akasema Mama ameshiba. Nikamwuliza Kokila. Akasema, haidhuru wifi, bado kuna mlo wa jioni. Nilimtazama Falguni, mwanamke mwenye shahada, amekaa na mfungo huu nyumba moja miezi tisa, na bado hajui kwamba mama mkwe wake akinyanyuka amemaliza. Au anajua. Sijui lipi baya zaidi.

Choroko zilizobaki nilizipakia kwenye chombo cha chuma, pamoja na chapati kavu. Tulirudisha chumba, mizigo ikaingia garini, nikadhani tunakwenda nyumbani. Wapi! Tiketi zilikuwa bado hai mpaka jioni, na Hitendra ni mtu ambaye akilipia muwa atatafuna mpaka maganda. Akasema tuingie tena, saa sita tunatoka, Mama atakula njiani kwa raha zake. Langoni mlinzi akakataa chakula cha nje. Chombo chetu kikafungiwa kwenye kabati la mizigo, na kabati lile linafunguliwa kwa bangili ya mpira wanayokuvisha mkononi. Bangili akavaa Hitendra.

Saa sita ilikuja ikapita. Kokila alikaa kwenye benchi la saruji, mkono mmoja juu ya rundo la viatu, mwingine juu ya mkoba wenye simu zote, na taulo za watu wote begani. Jua lilihama, kivuli kikahama, yeye hakuhama, kwa sababu ameambiwa asihame. Nikaenda kumtafuta Hitendra bwawani. Nilisimama ukingoni na sari yangu, maji yananirukia, naita mwanamume wa miaka arobaini na mbili kama ninavyoita paka. Alikuwa katikati ya mawimbi na boya la mpira kiunoni. Akanipungia mkono. Nikaonyesha mdomo, nikaonyesha jua. Akanipungia tena, akacheka, wimbi likamchukua.

Nilirudi nimefura kama chapati juu ya chuma. Nikamwambia Kokila aache viatu, twende langoni tukawaombe wale wahudumu wafungue. Akasema viatu vitaibiwa. Nikamwambia viibiwe, warudi Mumbai pekupeku, barabara ina lami. Akacheka, jamani, alicheka, huku midomo imemkauka hata inapasuka. Nikaenda peke yangu langoni. Binti wa kabatini akaniambia bila bangili hafungui, hata mtu awe waziri. Nilimweleza mfungo, nikamweleza daktari, nikaeleza mpaka na kifo cha kaka yangu. Akaninunulia maji ya chupa kwa pesa yake. Yalikuwa ya baridi. Nikamshukuru, nikayanywa mimi, maana Kokila hanywi yasiyochemshwa.

Hitendra alitoka bwawani jua limeshaegemea upande wa pili. Kisha ikabidi tusubiri picha zao zichapishwe, zile wanazopigwa wakipiga kelele kwenye treni. Alipofungua kabati hatimaye, Kokila alipokea chombo chake kwa mikono miwili na kuanza kutazama wapi pa kukaa. Pale pale langoni palikuwa na kiambaza cha chini, kisafi. Hitendra akamshika kiwiko: Mama, twende, foleni ya magari inaanza, utakula garini. Akasahau, au hakuwahi kujua, kwamba mwenye mfungo huu hali ndani ya gari linalotembea.

Basi tukaenda. Mbele amekaa Hitendra na dereva wetu Dattu. Katikati Falguni na mtoto wao wa kike, Mishti, wa miaka mitano, ambaye tumbo lake siku ile lilikuwa duka: barafu ya rangi ya waridi, viazi vya kukaanga, soda, peremende. Nyuma sisi wazee wawili na mizigo. Barabara yetu inaelekea magharibi, kwa hiyo jua tulikuwa nalo usoni njia nzima, likishuka. Kokila alikuwa analitazama. Chombo kiko mapajani, mikono juu ya kifuniko. Nilipoona magari yameanza kusongamana mbele, roho ikanipanda.

"Dattu, ingia hapo kwenye kituo cha mafuta," nikasema. "Usipoingia nafungua mlango nashuka hivi hivi."

Dattu aliingia kabla Hitendra hajageuza shingo. Nyuma ya kituo palikuwa na ukuta na sehemu ya saruji iliyofagiliwa. Nilitandika shali yangu. Kokila alinawa, akakaa, akakunja miguu. Jua lilikuwa bado zima, juu ya paa za viwanda, na muda wa kula kwa haraka ulikuwepo kabisa. Nilikaa pembeni yake nikamfungulia kifuniko. Choroko zilikuwa zimepoa, samli imeganda juu. Alifumba macho akaanza sala, na mimi, ambaye sala zangu huwa za haraka haraka, nilisali naye neno kwa neno. Hitendra alikuwa kwenye dirisha la duka la kituo ananunua chai. Falguni yuko mlangoni mwa gari anachagua picha za kutuma kwa dada zake.

Kokila akafumbua macho. Akamega chapati, akachota choroko, akatia mdomoni, akameza. Nikaona koo lake likishuka na kupanda. Akamega tena. Na hapo Mishti akashuka garini, rangi imemtoka, akapiga hatua mbili tatu, akainama, akaanza kutapika.

Alilia, "Bibi!" Hakumwita mama yake, aliyekuwa karibu naye hata angenyoosha mkono angemgusa. Alimwita bibi.

"Wifi, kaa," nikasema. Nikamshika sari. "Kaa. Mama yake yupo."

Lakini nilikuwa nimeshika nguo tu, mwenyewe alikwishasimama. Alikwenda, akamshika mtoto paji la uso kwa mkono wa kushoto, akamkusanyia nywele, akampangusa kwa upindo wa sari yake, akimwambia pole pole, toa yote, toa yote. Falguni alisema aaa, Mishti, kiatu changu! Kisha akarudi kwenye picha.

Hitendra alikuja na vikombe vya chai, akaona shali, akaona chombo kiko wazi. Hata yeye akahisi kitu. Akasema, haya Mama, rudi ule, jua si hilo bado lipo?

"Nimeshanyanyuka," akasema Kokila.

"Nani atajua?"

Alifunika chombo, akampa Dattu, akamwambia ale, asikubali kitupwe. Dattu alikipokea ameinamisha kichwa. Alikula ametugeuzia mgongo, na nadhani alikuwa anaona haya kwa niaba yetu. Tulikunja shali. Tulipoingia garini jua lilikuwa limebaki ukingo tu, na tulipotoka barabarani halikuwepo.

Kokila alimchukua Mishti huku nyuma, akamlaza mapajani pale palipokuwa na chombo. Baada ya muda Hitendra akauliza kama basi Mama atakula kesho asubuhi. Kokila akasema kesho ni siku ya kufunga. Hitendra akauliza, basi lini?

"Keshokutwa."

Nilimwona kwenye kioo cha mbele. Nilimwona akihesabu. Nikasema moyoni, haya, sasa limemwingia, sasa mwana atageuka amwombe mama yake radhi, nami nitamsamehe, maana nilimbeba mgongoni akiwa mdogo. Tulipita daraja. Tulipita kituo cha kulipia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sawa, lakini huyu alinyonya kwake.

"Na usiku huu sisi tutakula nini, Mama?" akauliza.

"Nitawapikia wali wa choroko," akasema Kokila. Hivyo hivyo, sauti ileile.

Mimi sikupiga kelele. Watu wa nyumba yetu hawataamini, lakini sikupiga. Nilimwambia Dattu apitie kwangu kwanza, Mulund, ambako ni njiani. Alipofika mbele ya jengo letu nilishuka, nikatoa begi langu, kisha nikatoa na la Kokila nikaliweka chini kando ya langu.

"Wifi, shuka."

Hitendra alicheka. Akaniambia, Shangazi, acha vituko, watu wamechoka, Mama ana nyumba yake, na mimi kesho natoka alfajiri nani atanipa chai? Falguni akasema watoto hawalali bila bibi yao, ingawa mtoto ni mmoja na alikuwa anakoroma. Niliwaacha waseme. Sikuwa nawatazama wao. Nilikuwa namtazama Kokila, na nilikuwa najua kabisa kwamba atasema haidhuru wifi, siku nyingine, na mimi nitabeba begi langu moja nipande ngazi nikilia.

Kokila alikaa kidogo gizani kule nyuma. Kisha akamwinua Mishti, akampitisha juu ya kiti, akamweka mikononi mwa mama yake.

"Mwinue kichwa," akamwambia, "asije akapaliwa."

Akashuka. Alishika mlango kwanza, akatengeneza sari, akaokota begi lake mwenyewe. Hitendra alishusha kioo. Sasa hakuwa anacheka.

"Mama, unarudi lini?"

"Nikishakula," akasema, na akafunga mlango wa gari.